Waridi la Selbu Jikoni

Katika jikoni nyingi za Norway, ukutani karibu na jiko, hutundikwa vitambaa viwili vya mraba. Kila kimoja kimezidi kiganja kidogo tu, ni kinene, na pembeni kina kitanzi cha kukitundikia. Kazi yake ni moja, kuepulia sufuria. Wenyewe hukiita gryteklut, yaani kitambaa cha chungu, na hakuna anayekiwekea heshima kubwa. Kinarukiwa na mchuzi, kinaungua pembe, mwisho kinatupwa. Lakini kikiwa kimefumwa kwa sufu nyeusi na nyeupe, na katikati pana ua la petali nane, basi umri wa ua lile unaizidi nyumba yenyewe. Nimelifuata ua hilo kwa muda mrefu, kwa sababu safari yake ni safari ya mikono ya wanawake, na wanawake hao hawakuandikwa sana.

Lina jina la mahali: waridi la Selbu. Selbu ni wilaya ya milima na ziwa, kusini-mashariki mwa mji wa Trondheim. Kwa karne nyingi sifa ya Selbu ilikuwa jiwe. Juu milimani, mahali paitwapo Kvernfjellet, wanaume walichonga mawe ya kusagia nafaka. Mwamba wa huko ni wa mika, na ndani yake mna punje za madini magumu. Mika inapolika, punje hubaki zimechomoza, na jiwe huendelea kuuma nafaka. Mawe hayo yalipelekwa sehemu nyingi za Norway. Wakati wa kuyateremsha ulikuwa majira ya baridi, theluji ikiwa imetandaa na farasi wanaweza kuyaburuta kwa sleji. Mwamba uliolisha watu ulikuwa pia ukiwala, maana vumbi lake liliingia mapafuni na halikutoka. Uchongaji ulikoma mwaka 1914.

Huko chini, nyumbani, palikuwa na kondoo. Kondoo wa zamani wa Norway ana manyoya ya aina mbili katika ngozi moja: ya nje marefu, magumu, yanayotiririsha maji ya mvua, na ya ndani mafupi, laini, yanayotunza joto. Manyoya hayo yalichambuliwa, yakachanwa, yakasokotwa kuwa uzi, na uzi ukafumwa soksi na glavu. Msichana wa Selbu alijifunza kufuma mapema kama msichana wa pwani yetu anavyojifunza kusuka ukili. Alifuma akiwa amekaa, alifuma akichunga, alifuma akitembea.

Katika maisha ya namna hiyo alizaliwa Marit Guldsetbrua, mwaka 1841. Baadaye, alipoolewa, aliitwa Marit Emstad. Majira ya baridi ya mwaka 1857, akiwa na miaka 16, yeye na dada zake walifuma jozi tatu za glavu zisizotenga vidole, kwa uzi wa rangi mbili, nyeusi na nyeupe, na mgongoni mwa kila glavu wakaweka waridi la petali nane. Kisha wakazivaa kwenda kanisani.

Hapo ndipo ningetamani kuwapo. Kijiji kizima kimekusanyika, kila mtu amevaa sufu ya rangi ya kondoo wake, na wasichana watatu wanaingia na maua mikononi. Watu waliziona, wakazizungumzia, wakaenda kuziiga. Na kuiga kulikuwa rahisi kwa aliyejua kufuma, kwa sababu ua la namna hii ni hesabu tupu: vitanzi viwili vyeusi, kimoja cheupe, safu inayofuata songa mbele kimoja. Mwenye macho makali hakuhitaji hata kuazima glavu. Angeweza kuihesabu kwa mbali na kurudi nayo nyumbani kichwani.

Miaka ilivyokwenda, kila nyumba ikawa na waridi lake. Lilifumwa kubwa na dogo, moja au manne kwa pamoja, likazungukwa na buibui, kulungu na mistari ya pembeni. Ikawa desturi ya arusi kwamba bibi arusi huja na glavu za kuwagawia watu, na glavu zile zilimtangaza kabla yeye hajafungua mdomo. Wageni walizishika, wakazigeuza ndani nje, wakatazama nyuzi zinavyopita upande wa nyuma. Fundi hujulikana kwa upande usioonekana.

Watu hupenda kusema nakshi kama hii ni ya tangu na tangu, imetoka kwa mababu, haina mwanzo. Mimi naona maneno hayo, hata yakisemwa kwa upendo, yanamdhulumu mtu. Waridi la Selbu, kama jambo la Selbu, lina mwaka, lina mwenyewe, na mwenyewe alikuwa binti wa miaka 16. Desturi ile haikuota kama uyoga, kuna aliyeianzisha kwa vidole vyake kwenye baridi.

Ni kweli kwamba Marit hakulibuni ua lenyewe. Petali nane zilikuwa zimezunguka dunia kabla yake. Mwaka 1523 huko Augsburg, Ujerumani, Johann Schönsperger alichapisha kitabu cha vielelezo vya nakshi kwa wafumaji na wadarizi, cha kwanza cha aina yake tunachokijua, na baada yake vikafuata vingi katika miji ya Ulaya. Mwishoni mwa karne ile, Johann Siebmacher wa Nürnberg alikuwa akichapisha vielelezo vilivyochorwa juu ya miraba, tayari kwa kuhesabiwa. Katika karne ya 17 matajiri wa Norway walivaa fulana za hariri zilizofumwa, zilizotoka ng'ambo, na baadhi yake zimejaa nyota ya ncha nane. Nyota hiyo unaikuta pia kwenye mbao zilizochongwa na kwenye vitambaa vilivyotariziwa, katika nchi ambazo hazikuwahi kujuana.

Sababu yake ni ya kifundi, na inanifurahisha kila ninapoifikiria. Mtu anayefuma au kudarizi kwa kuhesabu nyuzi hana duara. Ana miraba tu. Mstari ulio rahisi kwake, baada ya ulionyooka, ni ule unaopanda kimshazari kwa kusogea kitanzi kimoja katika kila safu. Sasa chukua mistari iliyonyooka na ya mshazari, itengeneze pande nne zilizolala, panga vipande vinane kuzunguka kitovu, nawe umepata nyota. Mtu yeyote mwenye uzi, miraba na subira ataifikia siku moja. Wengine wakaiita nyota. Watu wa Selbu, ambao majira yao ya baridi ni marefu, wakaiita ua.

Glavu za Marit zilifumwa kwa sindano kadhaa zisizo na kulabu. Kitambaa cha kuepulia sufuria kwa kawaida hufumwa kwa kroshia, yaani sindano moja yenye kikulabu nchani. Neno hilo tumelipata kutoka Kifaransa, na maana yake ni kikulabu hichohicho. Wanorwe husema hekle, neno lililowafikia kutoka Kijerumani kupitia Kidenmaki. Skandinavia ilikuwa na ufumaji wa kale wa kulabu bapa ya mfupa, pembe au mti, ambao hutoa kitambaa kizito, kigumu kupenywa na upepo. Lakini kroshia kama tunavyoijua leo ilienea Ulaya katika karne ya 19. Jarida la Kiholanzi liitwalo Pénélopé lilichapisha vielelezo vyake mnamo 1823. Njaa ilipoikumba Ireland kuanzia 1845, masista waliwafundisha wasichana kufuma lesi kwa kroshia, na kwa lesi hizo familia nyingi zikapata cha kununulia chakula. Ufundi huohuo ndio leo unaofunika migongo ya makochi katika sebule zetu za Afrika Mashariki, weupe, uliopigwa pasi, ambao mtoto hukatazwa kuugusa.

Kroshia ilikuta jiko nalo linabadilika. Zamani chungu cha Norway kilining'inia juu ya moto wa wazi kwa mnyororo, au kilisimama juu ya miguu yake mitatu kwenye makaa. Katika nusu ya pili ya karne ya 19 jiko la chuma cha kusubu, lenye mashimo ya kuwekea vyungu juu yake, likaingia katika nyumba nyingi. Sasa sufuria ilikuwa ya kusogezwa, kuondolewa na kurudishwa mara kumi katika mapishi ya saa moja, na mikono yake ilikuwa chuma kilekile kilicholala juu ya moto. Mpishi alihitaji kitu kati ya ngozi yake na chuma. Kwetu, mama yangu alitumia pindo la kanga. Alilikunja mara nne, akashika ukingo wa sufuria pande mbili, akaepua huku anapiga bismillahi. Kanga ni pamba, na ilifaa maadamu ni kavu. Siku moja, nikiwa na miaka tisa hivi, nilidaka tambara lililokuwa pembeni ya beseni, nikashika nalo sufuria ya wali. Tambara lilikuwa bichi. Joto lilipita ndani ya maji kufumba na kufumbua, wali ukamwagika, na alama ninayo hadi leo kwenye kidole gumba. Tangu siku ile nimekuwa nikitazama kwa makini watu wanashika sufuria kwa kitu gani.

Sufu ina tabia yake mbele ya moto. Imeumbwa kwa protini ileile ya nywele na kucha zetu, yenye nitrojeni nyingi na salfa, na huweza kubeba unyevu mwingi ndani ya nyuzi zake pasipo kuonekana imelowa. Kwa hiyo haiwaki kwa haraka, inahitaji joto la karibu nyuzi 570 hadi 600 za Selsiasi kabla ya kushika moto yenyewe. Ikizidiwa, hunuka kama nywele zilizoungua, hufanya mkaa ambao huvunjika vidoleni, na ukiondoa moto nayo huzimika. Uzi wa polyester huyeyuka kwenye nyuzi 255 hivi, na ukiyeyuka hugandia ngozi. Bibi wa Selbu hakuwa na kipimajoto, lakini aliwahi kuona cheche ikirukia soksi ya mumewe ikaacha tundu dogo tu la kahawia, na hilo lilimtosha.

Basi vitu viwili vikakutana mkononi mwa mtu mmoja. Glavu ya sufu huzuia baridi isiuingie mkono. Kitambaa cha sufu huzuia moto usiuingie mkono. Ni ndugu hao. Na kama glavu ilistahili kuvaa ua kwenda kanisani, wanawake hawakuona kwa nini kile kitambaa cha jikoni kikae uchi.

Si Norway pekee walikoona hivyo. Marekani, katika miaka ya kupigania kukomeshwa kwa utumwa, wanawake waliandaa minada na maonyesho ya kuchangisha fedha. Yaliyokuwa mashuhuri zaidi yalikuwa ya Boston, kuanzia 1834, yaliyoongozwa kwa muda mrefu na Maria Weston Chapman. Kati ya kazi za mikono za harakati ile vimebaki vishikio vya birika vya sufu vilivyotariziwa maneno ya mchezo: kwamba kishikio chochote kinafaa, isipokuwa mshika watumwa. Katika Kiingereza neno la mwenye kumiliki na neno la kishikio ni moja, na hapo ndipo kisu kilipofichwa. Aliyekulia kwenye kanga hatashangaa. Tunajua kitambaa cha nyumbani kinavyoweza kusema lile ambalo mwanamke hakuruhusiwa kulisema barazani.

Nirudi kwenye ua, na nionyeshe linavyofumwa, kwa sababu hapo ndipo penye raha.

Fundi huanza na mnyororo wa vitanzi, tuseme 40. Akifika mwisho harudi nyuma. Anauzunguka mnyororo, anafuma upande wake wa pili pia, na sasa ana vitanzi 80 katika mzunguko mmoja, 40 vya uso na 40 vya mgongo. Anaendelea kupanda kwa kuzunguka, na kinachokua mikononi mwake ni mfuko. Hii ndiyo siri ya unene. Mfuko ukifungwa mdomo, kitambaa kina tabaka mbili, na katikati yake hewa, na hewa iliyotulia ni kinga bora kuliko uzi wenyewe.

Nyuzi mbili zinatembea pamoja, nyeusi na nyeupe. Inayofanya kazi inashikwa na kulabu. Isiyofanya kazi inalazwa juu ya safu ya chini na kufunikwa na kila kitanzi kinachofumwa, kwa hiyo inasafiri imejificha ndani ya kitambaa. Hapa kroshia inazipita sindano za kawaida: hakuna nyuzi zinazoning'inia nyuma za kunasa kucha, na uzi ule uliofichwa unaongeza unene tena. Kubadilisha rangi kuna wakati wake. Rangi mpya huvutwa katika mvuto wa mwisho wa kitanzi kinachotangulia, si katika kitanzi chenyewe. Ukichelewa hatua moja, kichwa cha kitanzi cheusi kitatokea cheupe, na ukingo wa petali utaonekana kama umetafunwa na panya.

Kuna tatizo ambalo kila anayejaribu hulikuta safu ya nane au ya tisa. Kroshia ikifumwa kwa kuzunguka bila kugeuza kazi, vitanzi haviketi moja kwa moja juu ya vya chini yake. Kila safu inaegemea kulia kidogo. Kwenye kitambaa cha rangi moja hutaona kitu. Kwenye ua utaona, maana petali za upande mmoja zitanyooka na za upande wa pili zitalala, kama ua lililopigwa na upepo wa baharini. Wenye uzoefu huchoma kulabu katikati ya miguu miwili ya kitanzi cha chini badala ya kuipitisha chini ya kichwa chake. Kazi inakuwa ngumu, kifundo cha mkono kinauma, uzi unalalamika. Lakini vitanzi vinasimama wima, kila kimoja kikiwa na umbo la herufi V, na ukikitazama kitambaa kwa hatua mbili utaapa kimefumwa kwa sindano za glavu za Marit.

Mwishoni, wengine hukifua kwa maji ya moto na sabuni hadi sufu ijikunje na kushikana. Vitanzi hupoteza mipaka yao, ua linapungua ukubwa, na kitambaa kinakuwa kama kipande cha blanketi zito. Hakirudi tena kilivyokuwa.

Huko Selbu, glavu zilikuwa zimeanza kuwa riziki. Chama cha kazi za mikono cha Norway kilianzishwa mwaka 1891, wakati watu wa mijini walipoanza kununua vitu vya vijijini kwa fahari ya taifa lililotaka kujitenga na Sweden, jambo lililotimia mwaka 1905. Glavu za Selbu zikapata soko Trondheim na mbali zaidi. Mchezo wa kuteleza kwenye theluji ukazipeleka ng'ambo. Machimbo ya mawe yalipofungwa, sindano za wanawake ziliendelea kuingiza fedha, na mwaka 1934 Selbu ikaunda shirika lake la kazi za mikono lililokagua ubora wa glavu kabla hazijauzwa.

Vita vikaja. Wajerumani waliivamia Norway tarehe 9 Aprili 1940 na kuikalia hadi Mei 1945. Uzi ulipungua, sweta kuukuu zilifumuliwa na kufumwa upya. Watu wakaanza kuvaa kofia nyekundu za sufu zilizochongoka kama ishara ya kuwakataa wavamizi, hata Februari 1942 utawala ukazipiga marufuku. Kofia ya sufu! Mwenye bunduki hupiga marufuku kile anachokielewa, na alikuwa ameelewa vizuri.

Shuleni, kwa vizazi vingi, kitambaa cha sufuria ndicho kilichokuwa somo la kwanza la kroshia kwa mtoto wa Norway: wasichana kwanza, baadaye na wavulana. Kingekuja nyumbani kimepinda, upande mmoja mrefu kuliko mwingine, na mama angekitundika. Ua la petali nane halikuwa la wanafunzi hao; hilo lilisubiri mkono ukomae.

Marit Emstad alifariki mwaka 1929, akiwa ameishi miaka 72 baada ya ile Jumapili ya glavu. Mwaka huohuo Annichen Sibbern alichapisha Norske strikkemønstre, kitabu cha nakshi za ufumaji wa Norway, na nakshi ambazo hadi wakati huo ziliishi kwenye vichwa vya wanawake na kwenye glavu zilizochakaa zikawekwa kwenye miraba ya karatasi. Karibu karne nzima baadaye, Anne Bårdsgård wa Selbu alizikusanya glavu za zamani kwa mamia na kuzichora moja moja. Yeyote anayetaka leo kuliweka waridi kwenye kitambaa cha jikoni huanza na michoro ya namna hiyo: miraba myeusi na myeupe ambayo mkono mmoja uliihesabu, ukauachia mkono mwingine.

Petali ya nane ikishakamilika, zinabaki safu chache za mpaka. Fundi hukunja mdomo wa mfuko, uso kwa mgongo, na kuufunga kwa kupitisha kulabu katika vitanzi viwili kwa mara moja, jozi baada ya jozi, hadi kwenye pembe. Kwenye pembe hakati uzi. Hufuma vitanzi 12 hewani, huvirudisha pale vilipotoka, hukaza, na mkia wa uzi huuzamisha ndani ya tabaka mbili mahali pasipoonekana. Kisha hunyoosha mkono, akakitundika kwenye msumari.